Kiti cha Katikati

Mtoto wa kaka yangu alipopiga simu kutoka Marekani kusema ametukatia tiketi, mama yake na mimi, twende tukamwone mjukuu, sikuuliza tungekaa viti gani. Nilidhani ndege kubwa kama ile inatosha kwa watu wawili wasiosemezana kupotezana ndani yake.

"Ni ndege moja tu kutoka Ghuba mpaka huku, shangazi," alisema. "Hakuna kushuka Ulaya, hakuna kulala kwenye mabenchi ya viwanja vya watu. Mnapanda, mnakula, mnalala, mnafika."

"Humo ndani tunakaa muda gani?"

"Kama saa kumi na sita."

Alizitaja kwa sauti ya mtu anayesifia bidhaa, na mimi nikazipokea hivyo hivyo. Nimefundisha jiografia sekondari mpaka nikastaafu. Shuleni tulikuwa na tufe moja, limepasuka upande wa Australia, na kila mwaka nilinyoosha uzi juu yake kuwaonyesha wanafunzi kwamba njia fupi ya kutoka nchi za Ghuba hadi magharibi ya Marekani haikatizi bahari kama inavyoonekana kwenye ramani ya ukutani. Inapanda kaskazini hadi karibu na ncha ya dunia, kisha inashuka upande wa pili. Walikuwa wanabisha, na haki yao, maana mwalimu mwenyewe alikuwa anafundisha kitu alichokisoma tu. Mbali kabisa nilikowahi kufika ni Kampala, kwa basi. Nyumbani kwangu Kiseke, Mwanza, ninakoishi peke yangu tangu nifiwe na mume, ndege ikisikika inashuka kuelekea uwanjani, mpaka leo natoka nje kuitazama. Kwa hiyo nisijifanye nilikwenda kwa ajili ya mtoto mchanga peke yake. Niliitaka ile safari yenyewe. Niliwaambia majirani kwamba nitapita juu ya barafu, wakanicheka, nami nikafurahi kuchekwa.

Tatizo lilikuwa wifi yangu.

Ni Msukuma, mwenyeji wa upande wa Buswelu, na kwa miaka mingi amekuwa akiuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za soko. Kaka yangu alipomuoa, sisi Wahaya wa nyumbani tulinong'ona kidogo, kisha tukamzoea, na mimi nilikwenda mbali zaidi ya kumzoea. Jumapili nyingi nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja kula kwake. Kisha kaka akaugua, akafariki. Ukoo wetu Kagera ukasubiri mwili uletwe, azikwe kwenye kibanja cha baba yetu, katikati ya migomba, walikolala baba na babu. Wifi hakuuleta. Alimzika Buswelu, nyuma ya nyumba yao.

Tangu siku hiyo tulibaki na salamu. Tukikutana kwenye harusi au msiba tuliulizana hali, kisha kila mmoja akatafuta upande wake. Mara chache mazungumzo yalipokaribia lile jambo, mmoja wetu alisimama. Yeye alikumbuka mzigo wake Mwaloni, mimi nikakumbuka chungu jikoni. Na kwa kuwa katika ukoo mimi ndiye ninayeishi Mwanza, baba zangu wadogo walinitwika kazi ya kufuatilia namna ya kuhamisha mifupa. Nilikuwa nimeshaanza kuuliza uliza taratibu zake. Wifi alijua. Mji wetu haufichi kitu.

Kutoka Mwanza hadi Dar alikaa mbele yangu. Kutoka Dar hadi Ghuba alikaa ng'ambo ya ile njia wanayopita wahudumu na mikokoteni ya chakula. Nikaona Mungu ananisaidia. Ndipo tulipopanda ile ndege ya tatu, ndefu kama godauni la pamba, nikaonyeshwa safu yetu. Kulikuwa na viti vitatu. Wifi alikuwa ameshakaa dirishani, mkoba magotini. Kiti cha njiani kilikuwa na kijana mmoja wa kizungu mwenye mabega mapana, ambaye hata kabla ndege haijatikisika alijifunga kitambaa cheusi machoni na kuziba masikio. Changu kilikuwa cha katikati.

"Ni hapa?" nilimuuliza mhudumu kwa Kiingereza.

"Ni hapa, mama."

Wifi hakugeuka. Alivuta tu kiwiko chake kunipisha.

Saa za mwanzo zilikuwa nzuri, lazima niseme. Kulikuwa na blanketi laini, soksi mpya kwenye mfuko mdogo, na kiskrini mbele yangu chenye ramani, na juu ya ramani hiyo kindege cheupe kikipanda kaskazini, kule kule nilikokuwa nikinyoosha uzi wangu. Nilikitazama mpaka macho yakanitoka machozi. Chakula kilipokuja, wifi alionyesha kwa kidole sahani ya jirani, akaletewa, akala kila kitu pamoja na siagi. Kiskrini chake kilimshinda. Nilipeleka mkono nikambonyezea, akapata filamu ya Kihindi, akaitazama hivyo hivyo ikiwa inaongea Kihindi. Nikajiambia, basi, tutafika hivi hivi, kama mabubu wawili wastaarabu.

Kisha wahudumu wakatia giza madirisha yote, ingawa nje palikuwa mchana. Watu wakalala. Kijana wa njiani akazama kabisa usingizini, magoti yake yamegusa kiti cha mbele, mguu mmoja umevuka kwangu. Aliyekaa mbele yangu akalaza kiti chake nyuma, na kile kiskrini kikanisogelea hadi karibu na pua. Nikataka kunyoosha goti, nikakosa pa kulinyooshea. Nikataka kwenda msalani, nikaona nitamwamshaje mtu mkubwa namna ile, nikasubiri. Nikatazama ramani. Kile kindege nilichokuwa nikikishangilia kilikuwa kimesimama. Nilifumba macho kwa muda mrefu, nikafumbua. Kilikuwa pale pale.

Sijui hasa kilichonipata baada ya hapo. Nilianza kuhesabu vitu vilivyonizunguka: kuta, watu, blanketi, mkanda, na nje ya kuta baridi ambayo ingeniua mara moja. Hewa ya humo ilikuwa kavu, ina harufu ya vitambaa na chakula cha watu wengi. Kola ya blauzi ikanibana. Nikafungua kifungo, haikusaidia. Nikafungua cha pili. Moyo ulikuwa unagonga masikioni, na wazo moja tu lilikuwa kichwani, kwamba nitoke. Si kwenda msalani. Kutoka. Nikafungua mkanda, nikasimama kwa nguvu, kichwa kikagonga kabati la mizigo la juu.

Mkono ukanishika kitenge kwa nyuma ukanivuta chini.

"Kaa. Unakwenda wapi?"

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza aliyoniambia tangu Mwanza. Nilimtazama wifi nikiwa nahema, naye akanitazama, na nadhani aliona usoni kwangu kitu ambacho hakukitegemea. Alijiinua, akapitisha mkono mbele yangu, akamtikisa yule kijana begani kama anavyotikisa wachukuzi waliosinzia juu ya magunia.

"Wee! Amka. Mtu anaumwa."

Kijana hakujua Kiswahili, lakini alielewa. Alitoka. Mhudumu mmoja, msichana mdogo, alinipeleka nyuma kabisa kwenye kile kijumba wanachopashia chakula, akanipa maji yenye barafu na kuniambia nivute pumzi polepole. Niliona aibu. Nilikuwa na umri wa kumzaa. Nilisimama pale nikishika kabati la chuma, nikaanza kupata nafuu, na ningebaki pale mpaka Marekani kama si ndege kuanza kutupwatupwa. Taa ya mkanda ikawaka. Kila mtu kwenye kiti chake, wakasema, pamoja na mimi.

Nikarudi katikati. Kijana akakaa, akajifunga kitambaa chake. Tukafunga mikanda, na ile taa haikuzimika kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuvumilia kitu chochote.

Wifi alikuwa ameshika sehemu ya kuegemea mkono kwa nguvu. Akasema, akitazama mbele, "Kaka yako naye alikuwa hivyo hivyo."

"Alikuwaje?"

"Hakuweza kufungiwa. Hospitali walimlaza kwenye kile kipimo cha kuingizwa ndani ya bomba, akaanza kupiga mateke. Wakamtoa analia. Mara ya pili ilibidi wamchome sindano ya usingizi."

Sikulijua hilo. Kaka yangu niliyemjua alikuwa anapanda miti mirefu na kupiga mbizi ziwani.

"Tuliporudi nyumbani akaniambia, nikifa usinipakie kwenye meli ya kwenda Kagera. Usinifungie kule chini na magunia ya watu. Nizike mahali utakapokuja kwa miguu."

Hasira ikanipanda, ya zamani, na ikanipa nguvu, hata kifua kikaacha kubana.

"Barabara ipo, wifi. Tungemleta kwa gari."

"Niliwaambia baba zako kwenye kikao. Wakasema mgonjwa husema mengi. Wakaniambia mimi ni mgeni, nikae jikoni na wanawake wenzangu."

"Mimi sikuwepo kwenye hicho kikao."

"Najua hukuwepo!" Sauti yake ya sokoni ikatoka, watu wa mbele wakajigeuza, akaishusha. "Hukuwepo kwenye kikao, hukuwepo kuosha, hukuwepo kuzika. Ndugu yake wa tumbo moja. Watu wote wananiuliza, wifi yako yuko wapi? Nikawa nasema yuko njiani. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kaburini."

"Kaburi gani?"

Nikamwambia. Kwamba usiku ule ule aliofariki, wazee walinitanguliza Kagera nikaandae mapokezi. Kwamba kaburi lilichimbwa kwenye kibanja, jirani na la baba, na nyasi mbichi zikatandazwa kulizunguka. Kwamba kijiji kizima kilikuwa kimekaa pale, kwaya imeshavaa sare, na mimi mbele yao, tunasubiri gari, ndipo simu ikaja kwamba kaka yangu ameshazikwa Mwanza.

Wifi alikuwa amenigeukia sasa. Ndege ikatutupa, tukashikana mikono bila kukusudia, tukaachiana.

"Mkafanyaje?"

"Kwetu kaburi lililochimbwa haliachwi wazi. Wazee wakakata shina la mgomba. Wakalizika."

"Shina la mgomba?"

"Nikalitolea shuka langu wakalifunga. Likashushwa kwa kamba kama mtu. Nikatupa udongo wangu, wenzangu wakatupa wao."

Nilitegemea kilio, au kwamba atageukia dirisha lake la giza. Akauliza polepole, "Na padri alisoma misa?"

"Alikataa. Alisema hawezi kuuombea mgomba pumziko la milele."

Sijui ni nani kati yetu aliyeanza. Nadhani ni mimi. Kicheko kilinitoka puani kwanza, nikakizuia na kiganja, kisha nikamsikia yeye akikoroma kwa kucheka ndani ya blanketi, na ikawa basi, hatukuweza tena kusimama. Tulicheka mpaka tukaumia mbavu, wajane wawili wazee, tumefungwa mikanda juu ya barafu ya dunia. Yule kijana akafunua kitambaa jicho moja, akatutazama, akafunika. Tukacheka tena kwa sababu yake. Kisha wifi akaanza kulia, na mimi nikamfuata.

"Hawakuniambia," alisema. "Hakuna aliyeniambia kwamba mlikuwa mmeshachimba."

"Ungenipigia simu. Mimi, si wao."

"Ningekupigia ungenisaidia?"

Niliwaza. Ingekuwa nyumbani, hapo ndipo ningekumbuka chungu. Taa ya mkanda ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu.

"Hapana," nikasema. "Ningesema aletwe nyumbani. Hata leo nasema hivyo. Mtu wetu hulala kwenye kibanja."

"Na mimi ningekwenda kumtembelea kama mgeni, nikiomba ruhusa kwa baba zako wafunge mbwa kamba nipite."

"Ingekuwa hivyo, ndiyo."

"Basi."

"Basi."

Ingekuwa hadithi ya kutunga, tungefika hapo hapo, milango ifunguliwe, tutoke tumeshikana mikono. Haikuwa hivyo. Ile taa ilipozimika nilitazama ramani, nikaona tumepita ncha kidogo tu. Nusu nzima ya safari ilikuwa imebaki, na sisi tumeshasema kila kitu tulichokuwa tumekihifadhi kwa miaka. Hakukuwa na mahali pa kwenda kutulia. Alikuwa pale pale, bega lake kwenye bega langu, mtu niliyetoka kumwambia yale yote, na nilichoka naye kama anavyochoka mtu na kidonda. Aliponiomba nimtafsirie kadi ya chakula nilimjibu kwa mkato. Alipotoa senene wa kukaanga aliomletea mwanawe, akanikaribisha, nilikataa, na baadaye nikachukua mwenyewe bila kuomba. Alilala, kichwa kikaniangukia. Nikakisukuma. Kikarudi. Nikakiacha, maana mkono ulikuwa umekufa ganzi na sikuwa na nafasi ya kuutoa. Kifua kilinibana tena mara nyingine, si sana, na kila kiliponibana niliuweka mkono kwenye kiwiko chake nikahesabu pumzi zake badala ya zangu. Hakujua. Sijamwambia.

Niliona pia kitu ambacho hakuna kitabu kilichowahi kunifundisha. Dunia niliyoipenda kwenye tufe, ile ya kuishika kwa mikono miwili na kuizungusha, ni kubwa kwa namna inayochosha mwili. Ukubwa wake nimeujua magotini. Nilipojaribu kuvaa viatu, miguu ilikuwa imevimba kama mikate. Ya wifi ilikuwa mibaya zaidi. Tulitoka kwenye ndege ile tukiwa tumevaa zile soksi za mfukoni, viatu mkononi, tukitembea kama bata, na watu wa uhamiaji wakatutazama bila kucheka. Senene waliobaki walichukuliwa pale forodhani. Wifi aligombana nao kwa Kiswahili, mimi nikitafsiri nusu yake tu.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa nje, amesimama nyuma ya kizuizi, anatutazama usoni kwanza mmoja kisha mwingine kama mtu anayesubiri majibu ya kipimo.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi. Mmesafirije?"

"Wewe ndiye uliyetuweka pamoja," nikamwambia.

"Viti vingine vilikuwa vimejaa, shangazi."

Ndege ile ilikuwa na viti vitupu vya kutosha, niliviona nilipopelekwa nyuma. Sikumbishia. Ana macho ya baba yake, na siku ile sikuwa na nguvu za kubishana na macho yale.

Nilikaa kwao wiki chache, nikambeba mtoto, nikapigwa na baridi ya jioni. Wifi alibaki miezi kadhaa. Nilirudi peke yangu kwa njia ile ile, safari hii kwenye kiti cha njiani, baada ya kuomba sana, na bado niliona kama nimezikwa. Nilipotua Mwanza na mlango ukafunguliwa, upepo wa ziwa ukaingia na harufu yake ya samaki na matope, nilisimama juu ya ngazi mpaka walionifuata nyuma wakaniomba nisogee. Kwa siku kadhaa mwili haukujua saa. Nilikuwa napika chai wakati majirani wanafunga milango. Waliponiuliza kama ile safari ni nzuri, nilisema ni nzuri. Sikujua niwaelezeje.

Wifi aliporudi nilikwenda Buswelu kumpokea. Kaburi lipo nyuma ya nyumba, limesakafiwa vizuri, na kutoka mlango wa jikoni unafika bila kuvaa viatu. Hatukulizungumza. Alinipakulia ugali na dagaa, nikala, tukaongea habari za mtoto. Mimi bado naamini kaka yangu angelala kwetu. Yeye bado anaamini alifanya sawa. Tunapigiana simu karibu kila siku, na siku nyingine tunakatiana.

Baba yangu mdogo alipiga simu kabla ya mvua za masika. Alitaka kujua nimefikia wapi na ule ufuatiliaji, maana wazee wanakwisha na jambo halijakaa sawa.

"Baba, mimi nimejitoa," nikasema.

"Umejitoa wapi?"

"Kwenye kumhamisha. Tafuteni mtu mwingine."

"Amekulisha nini huyo mwanamke?"

Nilitaka kumweleza, nikaona nitaanzia wapi. Angeniuliza kama wifi ameomba radhi, ningesema hapana. Angeniuliza kama nimebadilisha mawazo, ningesema hapana vilevile.

"Hajanilisha kitu, baba. Shikamoo."

Hakuitikia. Alikata simu. Tangu siku hiyo ukoo haunipigii. Habari za misiba ya nyumbani nazipata kwa mwanamke mmoja wa kwetu anayeuza ndizi hapa Kiseke, na mara nyingi zinanifikia watu wakiwa wameshazika.